Sura ya Saba: Pete ya Guka

Kamera ilikuwa imeinamisha pua kama mtu anayesinzia kanisani.

Koplo Namalwa aliizunguka mara ya pili bila kuigusa. Ilisimama juu ya stendi ya miguu mitatu kwenye roshani ya flati moja ya Westlands, zile zinazokodishwa kwa siku. Lenzi yake ndefu ya zamani, nene kama mchi, ilitazama chini barabarani, ambako hakukuwa na cha kutazama ila mapaa ya magari yaliyokwama kwenye foleni. Chumbani, juu ya kitanda, palikuwa na mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na simu iliyozimwa, chanuo, na sindano za insulini, pakiti nzima.

Mwenye mkoba huo, msichana aitwaye Shiku, alikuwa ametoka kwao Kangemi Jumatatu asubuhi kwenda kazi ya kupiga picha, na leo ilikuwa Jumatano. Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu darasa la tano, wa kujidunga kila siku ya Mungu. Mtu kama huyo akitengana na sindano zake hapotei tu. Anaisha kidogo kidogo, mahali fulani, huku watu wakisema atarudi.

Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, amekumbatia thamosi. Aliitwa Waithera, fundi wa kushona yunifomu za shule, lakini kituoni wote walikwishazoea kumwita Mama Shiku. Ndani ya thamosi hakukuwa na chai. Alikuwa ametia barafu safi na chupa moja ya dawa ya mtoto. “Nikimpata nisianze kukimbia kutafuta,” ndivyo alivyosema, na tangu hapo hakuiweka chini hata alipokwenda msalani.

“Mimi ndiye nilipiga ripoti, madam,” alisema Mungai, ajenti wa flati hiyo, kijana aliyevaa shati jeupe na viatu vya kung'aa. “Nilikuja kusafisha nikapata hivi. Alibuk nyumba kwa simu yake Jumatatu jioni. Mteja hujifungulia, funguo ziko kwa kisanduku pale chini. Hata sura yake siijui.”

Akatoa kadi mfukoni akampa Namalwa kwa mikono miwili, kana kwamba koplo naye huenda akatafuta nyumba. *Westlands, Loresho, popote unapotaka kuishi.*

Simu ya Namalwa ikalia. Alikuwa Inspekta Ndegwa, mkubwa wake.

“Umepata mwili?”

“Hapana, bwana.”

“Damu?”

“Hapana.”

“Basi sikiza. Msichana amebuk nyumba mwenyewe, amepiga picha zake, amekutana na mtu, wameenda. Wikendi atarudi akiwa na njaa. Hiyo faili nataka iwe kwa meza yangu leo jioni, ikiwa imefungwa.”

“Dawa zake zote ziko hapa, bwana.”

“Si atanunua zingine. Maduka yamefungwa?”

Alipokata simu, Mama Shiku alikuwa amesimama mlangoni mwa roshani, anaitazama ile kamera jinsi anavyotazama pindo lililoshonwa na mtu mwingine.

“Hii si yeye aliweka,” akasema.

Mungai akacheka kwa upole. “Mama, hiyo ni kamera. Si cherehani.”

“Cherehani naijua. Na huyu Guka pia namjua.” Alielekeza kidole kwenye lenzi. “Shiku anaiita Guka, yaani babu, kwa sababu ni ya zamani na ni nzito. Ni nzito kuliko kamera mara mbili. Sasa angalia: huyu amefunga kamera kwa stendi, Guka ameachwa ananing'inia mbele. Hivyo anararua kamera mdomo. Shiku hawezi. Hata mimi siku moja nilimbeba hivyo nikagombezwa ndani ya nyumba yangu. Aliniambia, mami, mshike pale pazito.”

“Yeye hufungaje?”

“Hafungi kamera. Anafunga Guka. Kuna pete anamvisha hapa kiunoni, na pete iko na mguu. Huo mguu ndio unakaa kwa stendi, halafu kamera inafuata nyuma kama mkia. Hapo hainami, haitingiki. Afande, hiyo pete iko wapi?”

Namalwa alivaa glavu, akafungua kamera: kadi ya picha haikuwamo. Akakaza skrubu ya stendi. Pua ikainuka. Alipoachilia, ikaanguka tena polepole. Akapiga magoti. Lenzi nzima ilikuwa na vumbi jembamba, isipokuwa sehemu moja ya katikati, upana wa vidole viwili, iliyoizunguka kama alama ya mkanda kiunoni. Hapo chuma kiling'aa. Na kando ya hapo, kuelekea mbele, kulikuwa na mchirizi mwekundu, kama lenzi imechomolewa kwa nguvu kutoka kwenye kitu.

“Na huu wekundu?”

“Ni mpira wangu wa maji moto, ule wa kulala nao kukiwa na baridi. Pete ilikuwa kubwa, Guka alikuwa anateleza. Nikaukata kwa makasi, nikamtilia ndani kama bitana.”

“Stendi hii ni yake?”

“Yake iko nyuma ya mlango wangu. Hii hata nailoni haijatolewa mguuni.”

Kweli, mguu mmoja ulikuwa bado na nailoni. Namalwa alimtazama Mungai. Mungai alikuwa anatazama saa.

“Wewe hukugusa kitu?”

“Mimi, madam? Mambo ya kamera siyajui kabisa. Mimi ni hii simu tu.”

Namalwa alimwacha Konstebo Obuya alinde mlango, na kwa sauti ya chini akamwambia asimruhusu ajenti kwenda mbali. Kisha akaikunja ile stendi akaitia kwapani, na lenzi akaichomoa kwenye kamera, akaifunga kwenye shuka. Mama Shiku akaja bila kuitwa.

---

Lenzi za zamani haziuzwi kwenye maduka ya kioo. Huuzwa na kutengenezwa katikati ya jiji, kwenye majengo yaliyogawanywa vibanda mpaka ngazini, na Mama Shiku alijua ni ghorofa ipi kwa sababu alikuwa amemsindikiza bintiye siku ya kununua. Kibandani alikuwa mwanamume mnene aitwaye Masila, kichwa ameinamisha kwenye taa, bisibisi mkononi. Nyuma yake, kwenye msumari, ilining'inia pete pana ya chuma yenye mguu.

Mama Shiku aliiona kabla ya salamu.

“Ni hiyo,” alisema, akanyosha kidole juu ya meza. “Afande, ni hiyo hapo.”

Namalwa alifunga mlango kwa kisigino. “Bwana Masila, simama mbali na meza. Msichana wa pete hii yuko wapi?”

“Msichana gani?”

“Mwenye hii.” Akafunua shuka.

Masila akaiona lenzi, akamwona mama, na jasho likamtoka. “Hiyo pete si yake.”

“Una uhakika gani?”

“Kwa sababu ya kwake niliuza.”

Akaendelea haraka haraka, macho chini. Lenzi ilikuja na pete yake, lakini ilikuwa na ufa. Shiku alimwachia atengeneze. Akatokea mtu mwenye lenzi kama hiyo, anaitafuta pete kama anayetafuta figo, maana za zamani hazitengenezwi tena. Masila akamwuzia vile vile na ufa wake. Shiku akaambiwa haikutengenezeka.

“Nikamtengenezea nyingine, mama, siyo kusema nilimwacha hivyo. Nilitumia klipu ya bomba la maji, ile pana, nikachomea mguu. Bure kabisa. Ndiyo maana ilikuwa kubwa.”

“Ndiyo maana nikakata mpira wangu,” alisema Mama Shiku. Aliishika ile ya msumarini, akaigeuza, akaingiza kidole ndani yake. Hakukuwa na wekundu. Akairudisha, na tumaini lake likarudi nayo msumarini.

Namalwa hakumwachilia. “Mara ya mwisho umemwona lini?”

“Jumamosi. Alitaka nibadilishe mguu wa pete. Nitoe ule wa stendi, nimwekee kama kulabu ya kukaza kwa skrubu, ya kushika bomba la duara. Nikamwuliza, kwani stendi imeibiwa? Akasema huko anakoenda stendi haina pa kusimama. Ni juu ya mnara wa tangi la maji. Atamfunga Guka kwa bomba la kushikilia pale juu.”

“Apige nini?”

“Kiota cha mwewe. Kuna mtu ana nyumba ya kukodisha, alitaka picha za nyumba za kuweka mtandaoni, na Shiku akamwambia wazungu wanapenda ndege, wacha nikupigie hata ndege. Yule mtu akasema sawa.”

“Mtu gani?”

“Hakusema. Alisema tu klaienti.”

Namalwa aligeuka. Mama Shiku alitikisa kichwa. “Mimi aliniambia ni kazi. Nikamwambia asirudi usiku.”

Kwa hiyo stendi haikuwa na sababu ya kuwepo. Namalwa aliitoa kwapani akaiweka mezani. Masila aliinyanyua kwa kidole kimoja.

“Hii ni ya kushikilia simu. Guka hapa? Hata paka akikohoa inaanguka. Wanauza hapo chini, kwa Ivyne.”

Ivyne alikuwa anatafuna chingamu na kupanga chaja. Stendi aliitambua kwa rangi ya mpini.

“Huyo namkumbuka. Aliniambia anataka ya kamera kubwa, nikamwonyesha za kamera, akaona ni nzito kubeba, akachukua hii. Nikamwambia haitashika. Akaniambia, wewe niuzie tu. Hata hakuomba nipunguze. Mtu haombi upunguze, huyo ana shida.”

“Lini?”

“Jumatatu, mchana mchana.”

“Alilipa pesa taslimu?”

“Auntie, ni nani hutembea na pesa siku hizi?” Alikuwa tayari anapandisha ujumbe wa simu kwa kidole gumba. Akasimama kwenye mmoja, akamgeuzia Namalwa kioo. Jina lilikuwa limejileta lenyewe pamoja na malipo, kama linavyojileta kila siku kwa kila mwenye duka Nairobi. Mungai.

Mteja ambaye sura yake haijui, na stendi alimnunulia kabla hata flati haijabukiwa.

Namalwa alimpigia Obuya. “Mshike huyo.”

“Nimemshika, afande. Alikuwa anaelekea kwa lifti.”

“Muulize msichana yuko wapi. Muulize kwa adabu, halafu umuulize tena.”

Walisubiri kwenye ngazi, watu wakiwapita na maboksi vichwani. Mama Shiku alifungua kifuniko cha thamosi, akachungulia, akafunga. Simu ikalia.

“Anasema anataka wakili. Amekunja mikono, hasemi kitu kingine.”

“Mwambie msichana atakufa.”

“Nimemwambia. Ameangalia dirishani.”

Mama Shiku alisikia. Hakulia. Aliketi pale ngazini kwenye uchafu, na gauni lake la kanisani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Basi tutafute nyumba zote zenye tangi. Mimi nitapanda.”

Namalwa alitoa ile kadi mfukoni. Chini kulikuwa na jina la ukurasa wa matangazo. Akaufungua kwenye simu, wakainama wote wawili. Nyumba za Westlands zilikuwa flati tupu. Za Loresho zilikuwa tatu, na mama, ambaye macho yake yamezoea kuona uzi uliokatika kwenye kitambaa cheusi, ndiye aliyeweka kucha. Nyuma ya paa la vigae la nyumba ya tatu, katikati ya misunobari, palionekana miguu ya chuma na tumbo la tangi.

“Hizo zingine hazina,” alisema.

Ndegwa alipopigiwa alivuta pumzi ndefu. “Loresho? Unajua kule kunakaa nani? Utangoja kibali cha korti.”

“Kibali ni kesho, bwana.”

“Basi kesho. Ukivunja lango la mtu kule bila karatasi, Namalwa, usiniite.”

Namalwa aliitia simu mfukoni, mkubwa wake akiwa bado anaongea.

---

Lango lilikuwa jeusi, refu, na halikuwa na mlinzi. Namalwa alipiga honi, akagonga, akatamka kwa sauti kwamba ni polisi ili baadaye aweze kuapa kwamba alitamka. Kisha akatoa spana ya magurudumu garini, akaiingiza kwenye kufuli la mlango mdogo, akajitupa juu yake kwa uzito wake wote. Mara ya tatu kufuli likakubali.

Nyumba ilikuwa tupu, madirisha hayana mapazia. Mama Shiku aliita jina la bintiye akiizunguka. Jina lilirudi kutoka kwenye kuta vile vile lilivyotoka.

“Huku hakuna mtu, afande.”

“Tuanze na tangi.”

Namalwa alipanda. Ngazi ilikuwa ya chuma, nyembamba, na juu kabisa palikuwa na sakafu ya bati yenye bomba la kushikilia pande zote. Alipofika hapo akasimama. Pale kwenye bomba, ikiwa imekazwa kwa skrubu mpaka rangi ikabanduka, ilikuwapo klipu pana ya bomba la maji, imefunguliwa mdomo. Ulimi wa mpira mwekundu ulining'inia ndani yake, umepasuka upande mmoja.

Mtu aliyeipata hapo hakujua kuifungua kutoka kwenye bomba, au hakuwa na spana. Alifungua kilichofunguka, akamchomoa Guka, akaiacha. Kwake yeye ilikuwa kipande cha bomba tu juu ya bomba. Kamera ni kamera, ataifunga kokote.

Namalwa aliirudisha mdomo wake kwa vidole bila kuisogeza, akainama, akaweka jicho kwenye duara. Kwanza aliona msunobari na kiota juu yake, pembeni kabisa. Katikati ya duara hapakuwa na kiota. Shiku alikuwa amempiga mwewe picha, kisha akamgeuza Guka akamkaza tena. Katikati ya duara ulikuwa ua wa jirani, nyuma ya ukuta mrefu wenye nyaya za umeme: magari mapya yamepangwa chini ya turubai, moja halina milango, na mwanamume amechutama mbele yake anafungua vibao vya nambari. Kwa macho matupu alikuwa mdogo kama sisimizi. Kwa Guka, sura yake ingejaa picha nzima.

Mungai alijua magari ya wizi yaliyokuwa nyuma ya ukuta ule. Alimruhusu msichana apande kwa sababu alidhani kamera yake inaona kama simu yake inavyoona. Alipojua inaona mbali, akabeba kamera na mkoba hadi Westlands, ionekane msichana alipotelea kule.

Kutoka chini ikapanda sauti ya Mama Shiku. Haikuwa ya kuita.

“Afande. Hapa pamefungwa na kufuli jipya.”

Chini ya mnara, kati ya miguu ya chuma, palikuwa na kibanda cha pampu, cha mawe, mlango wa bati. Mama alikuwa amepiga magoti anagonga bati kwa thamosi, polepole, kama anayeamsha mtu wa kwenda shule. Ndani hakukujibu mtu. Namalwa alivunja komeo lenyewe, kwa sababu kufuli lilikataa.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza, tamu, ya ndizi zilizoiva zikapitiliza. Mama Shiku aliifahamu. Aliwahi kuisikia mara moja, mwaka ule wa darasa la tano, kabla hawajajua ugonjwa ni gani.

Shiku alilala kwenye magunia, mdomo chini ya bomba lililokuwa likivuja tone kwa tone. Mikono ilikuwa imefungwa kwa waya wa chaja. Alipumua kwa nguvu na kwa haraka, kama aliyepanda mlima, na macho yalifunguka nusu yasitazame kitu.

“Ako hai,” alisema Namalwa, na tayari alikuwa na simu sikioni, anaongea na hospitali.

Mama alikuwa ameshatoa chupa ya dawa kwenye thamosi na sindano mfukoni, anagonga mapovu kwa ukucha.

“Ngoja, Mama Shiku. Nesi anasema usidunge. Anasema wapime kwanza, sukari ikishuka vibaya itammaliza. Anameza?”

Mama alibaki na sindano hewani. Siku zote hizo alikuwa amebeba dawa hiyo tu. Akaiweka chini juu ya simenti, akachukua thamosi, akamimina kwenye kifuniko maji ya barafu iliyoyeyuka, akamgusisha mtoto mdomo. Koo likasogea. Akamimina tena.

“Anameza.”

“Basi tumbebe.”

Walimbeba hadi garini. Namalwa aliwasha king'ora, wakashuka Loresho wakaingia Waiyaki Way, na Waiyaki Way ilikuwa imejaa mpaka kwenye nyasi. Magari yalisogea inchi, yakasimama, dereva wa mbele akatoa mkono dirishani kuonyesha kwamba hana pa kwenda. Namalwa alipanda ukingo wa barabara kwa magurudumu mawili. Kila shimo lilimtupa mgonjwa.

“Mama Shiku, umemshika? Kichwa kisitingike.”

“Nimemshika pale pazito.”

Katika kioo Namalwa alimwona: kiganja kimoja chini ya shingo, kingine chini ya mabega, viwiko vimebanwa mbavuni, jinsi mtu anavyobeba kitu cha zamani kisichokuwa na kipuri.

“Mami.” Sauti ilikuwa kavu kama karatasi. “Guka ameanguka?”

“Hajaanguka. Nyamaza.”

Gari likaruka shimo. Mikono ya mama haikusogea.

“Shiku. Siku nyingine ukitoka, utaniambia unaenda kwa nani. Jina lake, na nyumba ni ipi. Umenisikia? Shiku. Ni kwa nani, na ni wapi.”

Macho ya msichana yalikuwa yamefungwa tena. Mama Shiku aliinama akaweka sikio karibu na mdomo, huku foleni ikipiga honi pande zote asiweze kusikia kitu, akaacha kusikiliza, akangoja kwa kiganja. Kwa muda shingo ilikuwa uzito tu. Kisha, chini ya vidole vyake, koo likameza.